Jibu: Saa za Lamu na Shela, na maana ya "bapa"

Ndugu yangu, umeuliza kama anga-wakati bapa (yaani nafasi na wakati vikichukuliwa kama kitu kimoja, kisicho na mkunjo) ni kitu halisi au hesabu tu, na kama kulinganisha saa kunathibitisha ubapa huo.

Weka saa moja forodhani Lamu, nyingine Shela, kijiji cha jirani, tuseme umbali wa kilomita 3. Njia ya Einstein ya 1905: tuma mwale wa mwanga, kioo cha Shela kiurudishe, kisha gawa muda kwa mbili. Mwale ukirudi baada ya maikrosekunde 20 (sehemu 20 za milioni za sekunde), ulifika Shela kwenye 10. Lakini hapo umeshakubali kwamba mwanga huenda na kurudi kwa mwendo mmoja. Hilo ni patano, kama sisi kuita saa moja asubuhi kile wengine wanachoita saba. Jua ni lilelile. Anayepita kwa kasi akifanya patano hilohilo atasema saa zako hazilingani, na hajakosea.

Ubapa ni jambo jingine, haubadilishwi na patano. Saa zinazoelea huru, bila kusukumwa na kitu, zikianza zimetulia baina yao, katika anga-wakati bapa hubaki zimetulia na zinalingana milele. Karibu na Dunia au Mwezi hazibaki: hukaribiana au huachana.

Ushahidi unao mlangoni: maji kujaa na kupwa. Mwezi huvuta upande wa Dunia ulio karibu nao zaidi ya upande wa mbali, na tofauti hiyo haifutiki hata ukianguka huru. Ndiyo mkunjo wenyewe. Nahodha anayesubiri bamvua ili jahazi lipite fungu anautumia, ijapokuwa hauiti hivyo.