Maji ya Moto ya Emporia

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliniuliza swali kwenye simu, nikababaika, nikasema nitakuandikia. Uliuliza: "Baba, usiku ule wa Kansas, kwa nini maji yetu ya kuoga uliwapa farasi?" Ulikuwa na miaka 11. Nilijua umekasirika, ila sikujua kwamba umekaa na jambo hilo moyoni miaka yote hii. Na kwa kuwa sasa wewe na mumeo mnataka kusafiri na watoto na farasi wawili kutoka Minnesota hadi Arizona mwezi wa Januari, lazima nikujibu sawasawa.

Mwajiri wangu alitaka farasi wake wanne wafike Wickenburg, Arizona, kule ambako watu wa mashindano ya kunasa ng'ombe kwa kamba hukusanyika wakati wa baridi. Akanipa pikapu na ile trela ndefu: nyuma vizimba vinne vya farasi, mbele chumba chenye kitanda, meza na jiko la gesi. Mama yako alikataa kuachwa kwenye theluji na watoto wawili, basi tukaenda sote. Tulitoka kukiwa na nyuzi 24 chini ya sifuri. Mabomba ya chumbani tulikuwa tumeyakausha na kutia ile dawa ya pinki, maana maji yakiganda ndani bomba hupasuka. Kwa hiyo maji yetu yalikuwa kwenye madumu, na usiku wa pili, pale kwenye uwanja wa maonyesho karibu na mji wa Emporia, Kansas, mama yako alikuwa akiyachemsha sufuria moja baada ya nyingine ili muoge.

Yule farasi jike mwekundu, uliyempa jina la Bibi, alikuwa hajanywa tangu Iowa. Alikuwa akitia midomo kwenye ndoo, akihisi baridi anainua kichwa. Pale Emporia nilipofungua mlango nilitazama mavi yake kwanza: machache, madogo, magumu, yana utelezi juu. Nikaweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, hunguruma mchana na usiku. Upande wa kulia nilisikia kidogo, wa kushoto kimya.

Farasi hawezi kutapika, mwanangu. Alichokula kina njia moja tu ya kutokea, na kwenye utumbo mpana kuna kona inayobana ghafla. Nyasi kavu zikikosa maji hushikamana pale zikaziba. Anahitaji lita 20 hadi 40 kwa siku, na baridi ndiyo humfanya ayakatae maji wakati ule ule anapokula nyasi kavu tupu. Ukiyatia joto hunywa zaidi.

Hilo nililijua kwa uchungu, na sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa saisi kijana Nairobi, asubuhi moja nilikuta ndoo ya farasi mmoja imejaa kama nilivyoiacha jana yake. Nikamwaga, nikaweka maji mengine, sikumwambia mtu. Jioni alikuwa akigaagaa na kugeuka kuutazama ubavu wake. Kabla ya alfajiri akafa. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu habari ya ndoo niliijua peke yangu.

Kwa hiyo nilipoingia nikaona sufuria zinafuka mvuke, na wewe umekaa na taulo mapajani, mikono yangu ilizichukua kabla sijasema neno. Niliyachanganya hadi yakawa vuguvugu, nikalowesha nyasi na kuzinyunyizia chumvi. Bibi alinusa, akanywa ndoo nusu. Daktari wa mifugo niliyempigia alisema nimtembeze, niendelee kumpa maji ya uvuguvugu, na akilala chini nimwite upesi. Nilimzungusha chini ya taa za uwanja hadi saa nane usiku, mama yako akichemsha na kunipitishia ndoo mlangoni. Saa nane na kitu akaangusha mavi laini. Nilimshika shingo nikalia.

Wewe nilikuwa nimekuambia, "Lala, ni maji tu." Sikusema kweli, na ulikuwa mkubwa wa kutosha kuelezwa. Kwa hilo nakuomba msamaha. Maji yenyewe ningeyachukua tena leo.

Sasa safari yenu. Bebeni maji ya nyumbani, maana farasi hukataa hata ladha ngeni. Matundu ya hewa ya trela yaacheni wazi, hata ukiona ni ukatili kwenye baridi ile. Mvuke wa mkojo na vumbi la nyasi huharibu mapafu kuliko upepo. Kila baada ya saa tatu au nne simameni, uwafungue kamba wainamishe vichwa, kwa sababu farasi aliyefungwa kichwa juu hawezi kutoa uchafu wa kooni na huishia na homa ya mapafu. Kipimo cha Coggins, kile cha damu cha kuonyesha farasi hana anemia ya kuambukiza, na cheti cha afya viwe mkononi. Msilale gesi ikiwaka kabla hujakijaribu king'ora cha kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Daraja huganda kabla ya barabara, basi punguza mwendo kabla hujalifikia.

Mkifika Albuquerque, New Mexico, msiendelee na barabara ya 40 hadi Flagstaff. Kule ni zaidi ya mita 2,000 juu, na theluji yake haina mzaha. Teremkeni kusini kwa barabara ya 25 hadi Hatch, mkatize hadi Deming, mshike barabara ya 10. Ni mbali zaidi, lakini mimi singepita kwingine na wajukuu wangu ndani ya gari. Na farasi wenu wana manyoya ya Minnesota: watatoka jasho Arizona, kwa hiyo blanketi zivuliwe mapema.

Ile sufuria kubwa ya mama yako ninayo bado. Njoo uichukue kabla hamjaondoka. Na mkilala Kansas nipigie, hata ikiwa saa nane usiku, uniambie kila mmoja amekunywa lita ngapi.

Baba yako