Mbwa, baiskeli na kanga

SWALI: Shikamoo mzee. Kaka yangu aliyeko Marekani huwafuata bata mzinga mwitu kwa baiskeli, mbwa pembeni. Nami nataka kuwinda kanga hivyo. Nianzeje? – Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia ofisi ya wanyamapori ya wilaya: ulizia leseni, na kama mbwa anaruhusiwa. Bila hivyo, kanga haguswi.

Mazoezi fanyeni alfajiri, kwenye njia za udongo za mashamba ya mkonge. Lami ikipata joto humuunguza mbwa nyayo. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hupoa kwa kuhema; joto la Tanga humuua akilazimishwa kukimbizana na magurudumu. Nenda mwendo wake, beba maji yake.

Kanga hupenda kukimbia kabla ya kuruka, kwa hiyo mbwa mwenye pupa huwatawanya mapema. Wangu namfundisha kwanza kusimama kwa mluzi.