Breki ya mkono iliyogandia Raskazone

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini gurudumu la nyuma limegoma kuzunguka baada ya gari kukaa wiki mbili karibu na ufuo wa Raskazone, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Inaelekea ni kutu, kwani upepo wa bahari hapa Tanga hubeba chumvi, na chuma cha breki kikipata unyevu huo hushikamana na kitambaa cha breki, ile sehemu inayokibana. Usikanyage mafuta kwa nguvu, maana kitambaa cha breki kinaweza kubanduka kwenye bamba lake. Achia breki ya mkono, tia gia ya kwanza, kisha ya kurudi nyuma, ulisogeze gari taratibu hadi usikie mlio mmoja mkavu, "tap!"

Likikataa, gurudumu lifunguliwe, na hapo mchanga ndio adui, kwa sababu jeki huzama upande mmoja na gari likaanguka. Tandika ubao mnene chini ya jeki, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe pande zote mbili (breki ya mkono haitakusaidia), na ulegeze nati kabla ya kuinua. Wakati wa kurudishia, zikaze nati kwa kukatisha, yaani moja kisha ile ya upande wa pili, si kwa kuzunguka.

Safari nyingine, ukiegesha kwa siku nyingi mahali tambarare, liache kwenye gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, uweke mawe na uiache breki ya mkono bila kuivuta.