Kwa Wanaoanza Kuhesabu Heroe: Ziwa Moja Halitoshi

Kila Januari sensa ya ndege wa majini inapowadia, vijana wapya wakakabidhiwa darubini na fomu, mimi hujiambia kwamba safari hii nitanyamaza. Halafu hutokea mmoja mwenye shahada mpya kabisa, akasimama ukingoni mwa Ziwa Nakuru, akaona maji matupu, na kabla chai ya kambini haijapoa akawa amekwisha kutangaza kwamba heroe wadogo, moja ya spishi mbili za flamingo tulio nao, wanatoweka duniani. Basi nimeshindwa kunyamaza. Nawapenda, wadogo zangu, lakini mnanichosha.

1. Mtambueni ndege kabla ya kumhesabu. Mdomo wa heroe mdogo ni mwekundu uliokolea, na kwa mbali huonekana mweusi. Wa heroe mkubwa ni wa waridi hafifu wenye ncha nyeusi. Wale wa kijivu ni wachanga tu, ingawa haupiti msimu bila mtu kuwaandika kwenye safu ya maoni kuwa ni wagonjwa. Kama mdomo hauonekani vizuri, tazameni ulaji: mkubwa huzamisha kichwa hadi kwenye tope kutafuta vijidudu, na mdogo huuchuja uso wa maji peke yake, kichwa kikiwa kimepinduliwa na ulimi ukisukuma maji ndani na nje, akinasa mwani wa kijani-buluu tunaouita spirulina. Tofauti hiyo ya chakula ishikeni vizuri, maana matatizo yote ya hapo chini yanatokana nayo.

2. Hesabuni asubuhi, kabla upepo haujachafua maji na mazigazi hayajawaunganisha ndege wote kuwa utepe mmoja wa waridi.

3. Hesabuni mia ya kwanza ndege mmoja mmoja, mkariri upana wake, kisha mpime kundi zima kwa kipande hicho, mkikumbuka kwamba wanaokula ukingoni hubanana kuliko wanaoelea katikati. Anayeniletea elfu hamsini kamili nitamrudisha ukingoni akahesabu upya.

4. Msiihukumu spishi kwa ziwa moja. Hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu mwenye kosa hili ni mimi.

Nilikuwa bado mgeni katika kazi nilipopangiwa Nakuru, na fomu za miaka ya nyuma zilikuwa na makadirio ya laki kadhaa. Tulichokuta ni vikundi vichache upande wa kusini, waoga, wakipaa kila gari likikaribia. Niliandika muhtasari wenye maneno mazito, neno "kuangamia" likiwa katika aya ya kwanza, nao ukapita mkono hadi mkono mpaka ukafika kwa mwandishi wa habari, na habari ikatoka kama nilivyoiandika. Siku chache baadaye mzee mmoja tuliyezoea kufanya naye kazi Ziwa Bogoria alinipigia simu, akanisalimu kwa utaratibu, akauliza hali ya nyumbani, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, hao ndege unaowaombolezea wako huku kwetu. Tangu kwenye chemchemi za moto mpaka mwisho wa ufuo hakuna pa kutupa jiwe."

Aibu hiyo ningeivumilia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho yangu nikiwa Nakuru. Nguzo za uzio zilikuwa zimezama, miti ya ukingoni ilikuwa imekufa imesimama ndani ya maji, na kipimo cha chumvi kilikuwa kwenye sanduku lake, hakijafunguliwa. Tangu takriban mwaka 2010 kina cha ziwa lile kimepanda mno, hata lango kuu la hifadhi likafurika. Maji yakiongezeka magadi huzimuka, magadi yakizimuka spirulina hupungua, na heroe mdogo, ambaye hana chakula cha akiba cha kumtosha, huondoka usiku kwenda ziwa jingine. Yeye hana ziwa la nyumbani; Nakuru, Elmenteita, Bogoria, Natron na Manyara kwake ni vituo vya mzunguko mmoja, na hesabu ya kituo kimoja hutuambia hali ya maji ya hapo siku hiyo. Ndiyo sababu maziwa huhesabiwa kwa pamoja, jambo ambalo nilikuwa nimefundishwa na kulifanyia mtihani.

Nilipeleka masahihisho, lakini hakuna aliyeyachapisha. Baadaye iliripotiwa kwamba ndege wanakufa kweli katika ziwa jingine, mizoga ikiwa ufukweni na kongoti wakiwa wameshiba, na nilipoomba gari na vifaa vya kuchukulia sampuli, ofisa husika alinitazama akauliza kama hawa nao hawajahamia Bogoria. Vifo vya halaiki vimewahi kutokea Nakuru na Bogoria, kwa mfano mwaka 1993, na miongoni mwa visababishi vinavyotajwa ni sumu za mwani wa kijani-buluu na maambukizi ya bakteria. Sampuli inayochelewa haimsaidii yeyote kubainisha kipi ni kipi. Gari lilipopatikana, furukombe na fisi walikuwa wamemaliza kazi yao.

5. Msidanganywe na wingi wao. Afrika Mashariki tunakadiriwa kuwa na heroe wadogo kati ya milioni 1.5 na 2.5, wengi wa dunia nzima, na bado spishi hii imewekwa katika daraja la zinazokaribia kuwa hatarini. Sababu iko Natron, kaskazini mwa Tanzania, ambako karibu wote wa ukanda huu huzaliana. Kila jozi hutaga yai moja juu ya kichuguu cha tope, huliatamia kwa takriban siku 28, na si kila mwaka hufanikiwa. Kwa kuwa ndege hawa huishi miongo kadhaa, Natron ikiharibika leo tutaendelea kuona makundi makubwa ya wazee kwa muda mrefu, na fomu zetu zitakuwa nzuri ajabu. Ndiyo maana mpango wa kiwanda cha magadi uliojitokeza mwaka 2006 uliwatia watu hofu, ingawa Natron ilikuwa imeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu tangu 2001. Kwa hiyo wachanga wa kijivu waandikeni kwenye safu yao wenyewe. Nimechoka kupokea fomu ambazo safu hiyo ni tupu.

6. Msiende kwenye viota kwa miguu. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown aliyaona mazalio ya Natron akiwa angani, akajaribu kuyafikia kwa kutembea juu ya tope la magadi, na nusura afe, miguu ikiwa imeungua vibaya. Naye alikuwa mtu hodari kuliko sisi sote tunaolalamika kwamba kambi haina mtandao. Mazalio huhesabiwa kwa picha za angani. Kama ndege ya kupigia picha haikupatikana mwaka huo, andikeni "hayakuhesabiwa", mtie sahihi, mrudi garini.