Fahrenheit 451: uanze na filamu ipi?

Umeuliza uanze na filamu ipi baada ya kumaliza Fahrenheit 451, riwaya ya Ray Bradbury kuhusu nchi ambako vitabu huchomwa moto. Anza na ya François Truffaut ya 1966, usisite. Angalia mwanzo wake tu: majina ya waigizaji hayaandikwi popote, yanasomwa kwa sauti huku kamera ikivuta karibu antena za televisheni juu ya mapaa. Hadithi haijaanza, na tayari uko katika nchi isiyo na maandishi. Halafu Julie Christie anaigiza wanawake wawili, Clarisse, msichana jirani, na mke wa Montag, mchoma vitabu ambaye ndiye mhusika mkuu. Kwangu hilo linauma kuliko moto wenyewe, maana uso ni uleule, ila Clarisse ana udadisi na mke amezimika mbele ya skrini.

Ile ya 2018 ya Ramin Bahrani ina Michael B. Jordan na Michael Shannon, na wanaigiza vizuri. Lakini mke wa Montag ameondolewa kabisa, na nusu ya uchungu wa riwaya imeondoka naye.

Tamthilia ya hadithi hii nayo usiiache. Ray Bradbury aliiandika mwenyewe, miaka mingi baada ya riwaya yake ya 1953. Kitabuni Clarisse anatoweka mapema. Jukwaani, kama kwa Truffaut, anabaki hai. Tena Beatty, mkuu wa wachoma vitabu, anamwonyesha Montag maktaba iliyojaa nyumbani kwake: kumiliki vitabu si kosa, kosa ni kuvisoma. Onyesho hilo halimo kwenye riwaya, nami natamani lingekuwemo.