Je, niache Hisabati?

SWALI: Mhariri, niko kidato cha nne, Tanzania. Kipindi cha Hisabati kikifika, wenzangu wengi hulalia madawati wakidai kuwa somo hilo lina wenyewe. Mtihani wa taifa ni Novemba. Je, niliache nishike mengine?

JIBU: Usiliache, mwanangu. Karatasi hiyo ina maswali 14, na yale 10 ya sehemu A, yenye alama 6 kila moja, hubeba alama 60 kati ya 100, ambazo hutolewa pia kwa hatua za ukokotoaji, hata jibu la mwisho likikosewa. Kwa kuwa kikokotoo hakiruhusiwi, zoea mapema majedwali ya logi, yaani orodha za namba za kusaidia kuzidisha na kugawanya. Nimeona wanafunzi hodari (wala si wavivu) wakipotea kwa kusoma mstari wa 23 wa majedwali hayo badala ya 32.