Anakesha na daftari lakini anafeli: jibu langu kwa mama wa Ujiji

Dada mleta uzi, umeandika kwamba kijana wako wa kidato cha pili anakesha na daftari mpaka saa 8 usiku, muhula huu kashika mkia tena, na upande wa baba yake wameshaanza kusema ana kichwa kizito. Unauliza kama umwondoe tuisheni. Mimi nimefundisha jiografia hapa Kigoma miaka 14. Nitajibu kwa niliyoyaona, na mengi ni makosa yangu mwenyewe.

Tukiache kichwa kwanza. Ukimkuta usiku, anafanya nini hasa? Nabahatisha: daftari liko wazi, macho yanatembea juu ya mistari, midomo inacheza, ukurasa ukiisha anarudi juu. Wengine wana kalamu za rangi, wanapiga mistari hadi daftari linafanana na kitenge. Vijana wanaita kupiga msuli. Ukurasa akiusoma mara ya nne anauzoea, kama sura ya mtu unayepishana naye kila siku sokoni Mwanga. Sura unaijua. Ukiambiwa taja jina lake, kimya.

Hili limepimwa. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja likarudia kusoma. Jingine likaondolewa karatasi na kuambiwa liandike linachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Wakapimwa wengine baada ya wiki: waliorudia kusoma wamebaki na 42, walioandika bila kutazama wana 56. Kwa hiyo kijana wako akifunga daftari akakwambia "mama, nimeelewa", hakudanganyi. Saa ile anakumbuka kweli. Shida ni kwamba upimaji wa taifa hauji baada ya dakika 5.

Sasa makosa yangu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa mwalimu wa notisi. Vipindi viwili mfululizo, dakika 80, najaza ubao, nafuta, najaza tena. Darasa zaidi ya watoto 70, kimya, kalamu zinakimbia. Mkuu wa shule akipita dirishani anafurahi. Kesho yake nikiuliza swali moja tu la jana, wanatazamana kama nimeongea Kirusi. Nikawa nakasirika na kuwaita wavivu. Sikujiuliza ni lini niliwapa nafasi ya kukumbuka chochote. Niliwapa nafasi ya kunakili.

Kijana aliyenishtua alikuwa mtoto wa mwaloni, kule ufukweni kwa wavuvi. Kila mwezi anapotea siku kadhaa, kisha anarudi amechoka, mikono imekatwa na kamba za nyavu. Nilikuwa nimefundisha awamu za mwezi, nikatoa jaribio, akapata sifuri ya duara. Nikamwita ofisini, fimbo iko mezani (ndiyo, nilikuwa wa aina hiyo).

"Ulikuwa wapi?"

"Ziwani, mwalimu. Mwezi umeingia giza."

Giza linahusiana nini na wewe? Akanipa somo zima akiwa amesimama. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, dagaa hawaoni sababu ya kuifuata taa, basi mitumbwi inapumzika. Ukishapita upevu, kila siku unachelewa kuchomoza kama dakika 50 hivi, kwa hiyo mwanzo wa usiku unarudi kuwa giza na watu wanaanza kutoka tena. Alijua mpaka siku gani mwezi utachomoza saa ngapi, na saa ngapi wapige makasia.

Swali langu la jaribio lilikuwa hilohilo. Tofauti ni kwamba lilikuwa kwa Kiingereza. Hakujua kwamba anajua.

Hapo ndipo nikaelewa mzigo wa hawa watoto wetu. Nyumbani wengi wanaongea Kiha. Miaka saba ya msingi ni Kiswahili. Wakivuka mlango wa kidato cha kwanza, kila kitu kinageuka Kiingereza ndani ya wiki chache. Akili ambayo ingefikiria mwezi inamalizikia kwenye kutafuta maana ya neno la tatu la swali. Njia iliyobaki ni kumeza sentensi kama zilivyo, na mtunga mtihani akibadilisha neno moja, imeisha hiyo.

Nilichobadilisha hakikuhitaji bajeti. Kila kipindi nikawa naanza na maswali matano ya somo la nyuma, madaftari yamefungwa, bila maksi. Mtoto anajibu kwanza kwa Kiswahili, kisha tunalibeba jibu kwenda kwenye Kiingereza pamoja. Wiki tatu za mwanzo zilikuwa chungu. Waliniambia "hili hujafundisha" wakati lipo kwenye madaftari yao kwa mwandiko wao. Baadaye wakawa wananikumbusha nikisahau kuuliza.

Kwako nyumbani, hivi: akimaliza kusoma, chukua daftari wewe. Mpe karatasi tupu, aandike au akueleze kila anachokumbuka. Umesema Kiingereza hukijui, haikuzuii kitu. Mwambie akueleze kwa Kiswahili kana kwamba anamweleza bibi. Akianza kuzungusha maneno na kukwepa macho, hapo kakwama, na hapo ndipo pa kufungulia daftari. Rudieni baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Atachukia, kwa sababu kukumbuka kunauma kuliko kusoma. Na saa 4 usiku alale. Ubongo unayapanga ya mchana mtu akiwa usingizini, na huyu anakesha kisha anasinzia kipindi cha hesabu.

Kingine cha haraka: mpime macho. Nimewahi kuwa na binti aliyekuwa "mzito" miezi sita, kumbe ubao hauoni, ananakili kwa jirani pamoja na makosa ya jirani.

Umemtaja dada yake mdogo anayemzidi. Usimlinganishe naye mbele yake. Hapo hifadhi ya Gombe watafiti waliona sokwe wa kike wanajua kuvua mchwa kwa kijiti zaidi ya miaka miwili kabla ya kaka zao, maana wao humtazama mama wakati madume madogo yanacheza. Lakini madume nayo hatimaye hujua, na mama hamshiki yeyote mkono. Kila mtoto hukosea na kijiti chake mwenyewe mpaka kipate.

Mkuu aliyeandika hapo juu kwamba kuna watoto wanaojifunza kwa kuona na wengine kwa kusikia, nilifundishwa hivyo pia chuoni. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, wakakosa ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "mtindo wake" kunamsaidia. Na wewe uliyesema apelekwe chuo cha ufundi, VETA, kwa kuwa ni mzito: fundi umeme anayekariri bila kuelewa atatuchomea nyumba.

Kuhusu tuisheni, usimwondoe bado. Nenda siku moja usimame dirishani dakika kumi. Ukikuta mwalimu anauliza na watoto wanahangaika kujibu, lipa. Ukikuta ubao umejaa na kalamu zinakimbia, hiyo nauli na ada mnunulie karatasi tupu, ukae naye mwenyewe jioni.